Sura ya Saba: Jiwe Moja kwa Watu Sita

Tarehe 2 Julai 2010, katika uwanja wa Soccer City jijini Johannesburg, Luis Suárez aliuzuia kwa mikono mpira uliokuwa unaingia kwenye lango la Uruguay. Muda wa nyongeza ulikuwa umebaki punje. Asamoah Gyan akapiga penalti, ikagonga mwamba, na baadaye Ghana ikatolewa kwa matuta. Mabanda ya video ya Tanzania yaliyokuwa na dishi usiku ule yaligeuka matanga. Kwa hiyo ni wachache mno katika nchi hii waliopata habari kwamba siku moja kabla, kwenye majumba ya sinema ya Marekani, kundi jingine la watazamaji lilikuwa limeanza kunung'unika kwa sababu yake lenyewe. Walikuwa wamelipa kutazama The Last Airbender, filamu iliyotokana na katuni waliyokua nayo, na wengi walitoka wakiwa na uchungu wa mtu aliyeibiwa.

Manung'uniko yale hayajaisha hadi leo, na ndiyo ninayotaka tuyachunguze katika sura hii. Nataka tuyachunguze tukiwa tumekaa kwenye benchi la banda la video pale Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete, kwa sababu benchi lile linaonyesha mambo ambayo wahakiki wa magazeti ya New York hawakuyaona.

Iwawa iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai ndiyo mwezi wa baridi inayoingia mifupani. Mwaka 2010 Makete ilikuwa bado sehemu ya Mkoa wa Iringa; Mkoa wa Njombe ulizaliwa 2012. Muvi zilipanda huko kwa njia ileile iliyopandisha nguo, sabuni na vipuri: zilinunuliwa Kariakoo, ambako Wakinga wamejijengea jina la biashara, zikapita Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, kisha zikabebwa kwenye mabasi kupitia Njombe mjini na milima yake. Diski moja ilikuja na muvi nyingi ndani, na jalada lake lilichanganya sura za masteringi kutoka nchi nne. Baadaye zikaja flashi na memori kadi, na mtu akawa anakwenda dukani kuwekewa muvi kwenye simu.

Banda lenyewe kila Mtanzania analijua: mabenchi ya mbao, mapazia meusi au maturubai ya kuzuia mwanga, runinga moja mbele, spika moja nje ya kuita wateja. Unalipa kiingilio kabla hujaona kitu. Hapo ndipo inapoanzia haki ya mtazamaji wa banda kusema, na anasema kweli. Anamwonya steringi kuhusu adui aliyejificha nyuma ya mlango. Anabishana na jirani yake kama ile ngumi imefika au haikufika. Muvi ikiwa nzuri, benchi zima linanyamaza kwa pamoja bila kuambizana. Ikiwa mbovu, kauli ni moja: "Tumepigwa." Sijapata kusikia uhakiki wa filamu uliobeba mambo mengi hivyo kwa neno moja. Ndani yake mna hela, mna ahadi, na mna mtu aliyeivunja ahadi hiyo akijua.

Sasa ahadi ya The Last Airbender ilikuwa ipi?

Katuni iliyoizaa, Avatar: The Last Airbender, ilirushwa na kituo cha Nickelodeon kuanzia Februari 2005 hadi Julai 2008, vipande 61, ikiwa imegawanywa katika vitabu vitatu: Maji, Ardhi na Moto. Waliobuni ni Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko. Dunia yao ina mataifa manne, na katika kila taifa wapo watu wenye kipaji cha kuamrisha kitu kimoja: maji, ardhi, moto au hewa. Mtu mmoja tu, Avatar, anaweza kuviamrisha vyote vinne. Taifa la Moto linaanzisha vita, linawaangamiza watu wa hewa wote, na anabaki mtoto mmoja, Aang, aliyelala ndani ya barafu miaka mia moja. Anaamka akiwa na umri uleule wa miaka 12, na dunia inamsubiri aiokoe wakati yeye anataka kucheza.

Maelezo hayo yanaweza kuwa ya katuni yoyote. Kilichowafanya watu waipende hii ni kwamba sheria zake zilishika. Kila namna ya kuamrisha ilijengwa juu ya mtindo wa kweli wa kupigana wa Kichina: maji kwa Tai Chi, ardhi kwa Hung Gar, moto kwa Shaolin ya Kaskazini, hewa kwa Bagua, na mwalimu wa sanaa hizo aliitwa kuwasaidia wachoraji. Mtoto aliyetazama kwa makini angeweza kumtambua mtu wa ardhi kwa namna alivyosimama tu, miguu imepanuka na kukita chini, kabla hajainua hata kokoto. Vijana wetu waliokesha na muvi za Hong Kong, waliojifunza mateke ya Jet Li kwenye viwanja vya shule, wana jicho hilo hilo. Huwezi kumdanganya mtu wa banda kwenye mapigano.

Filamu ilikabidhiwa M. Night Shyamalan, mwongozaji wa The Sixth Sense. Alivutwa na katuni hiyo baada ya binti yake kutaka kuvaa kama Katara, msichana wa Kabila la Maji, katika sikukuu ya Oktoba ambapo watoto wa Marekani hujivika mavazi ya wahusika. Kwa hiyo hakuja kwa dharau, na hilo lazima lisemwe. Alipewa dola milioni 150 kutengeneza. Alilenga filamu tatu, moja kwa kila kitabu. Kitabu cha kwanza kina vipande 20 vya dakika kama 23 kimoja, yaani saa saba na dakika arobaini za hadithi. Filamu iliyotoka ina dakika 103.

Hesabu hiyo peke yake haiui filamu. Kufupisha ni kazi ya kawaida ya sinema, na zipo riwaya nene zilizofupishwa zikapendeza. Kilichoua ni uchaguzi wa nini kitupwe. Ilitupwa furaha. Aang wa katuni ni mtoto mcheshi anayeteleza juu ya barafu akiwa amempanda ngwini, na ucheshi huo ndio unaofanya msiba wake uume: amepoteza watu wake wote na bado anacheka. Aang wa filamu ana huzuni tangu mwanzo hadi mwisho. Sokka, kaka wa Katara, aliyekuwa chombo cha kicheko cha kila kipande, kwenye filamu hachekeshi. Wasichana wapiganaji wa Kyoshi walipigwa picha, kisha wakakatwa wote. Kovu la Zuko, mwana wa mfalme aliyechomwa uso na baba yake mzazi, ambalo kwenye katuni limemeza jicho na nusu ya shavu, likawa doa la kutafuta kwa tochi.

Halafu kuna jiwe. Kwenye katuni, watu wa ardhi waliotekwa wanafungwa katika gereza la chuma lililojengwa katikati ya bahari, mahali ambapo hakuna udongo hata wa kujaza kiganja. Hiyo ni akili ya adui: amewanyang'anya silaha kwa kuwahamisha tu. Katara anapowahutubia wasimame wapigane, tatizo ni kubwa kweli, na jibu lake, makaa ya mawe yanayoendesha mitambo ya gereza, linakuja kama ushindi wa akili. Kwenye filamu, watu hao hao wamefungwa nchi kavu, wamezungukwa na udongo na miamba pande zote, na wametulia. Inabidi mtoto awakumbushe kwamba ardhi iko chini ya miguu yao. Wanapoinuka hatimaye, watu wapatao sita wanacheza kwa pamoja mchezo mrefu wa mikono na miguu, wanapiga vishindo, na jiwe moja lisilo kubwa linapita polepole mbele ya kamera. Walioipenda katuni walikuwa wamezoea kuona mtu mmoja akibomoa ukuta kwa teke.

Ndiyo picha iliyodumu zaidi kuliko zote katika filamu hiyo, na imedumu kwa sababu mbaya. Nadhani watu walioicheka waliona kitu cha msingi. Katika hadithi ya ajabu, msikilizaji anakubali kwa hiari yake kwamba mtu anaweza kuinua mlima kwa mkono. Akishakubali, anadai malipo: sheria iliyowekwa isivunjwe na aliyeiweka. Watu wa moto wa katuni hutoa moto mwilini mwao, kwa pumzi na nguvu za ndani, na ndiyo sababu wameitisha dunia. Filamu ikawafanya wahitaji mwenge au jiko lililowashwa karibu ndipo waweze kitu. Sasa mtazamaji anajiuliza: jeshi linalozimwa kwa ndoo ya maji liliwezaje kutawala dunia miaka mia?

Watazamaji wa Tanzania wana ukali huo huo kwenye filamu zao wenyewe. Mussa Banzi alipotoa Nsyuka na Shumileta katika muongo wa 2000, aliingia kwenye eneo ambalo kila mtu kwenye benchi ni mtaalamu. Mtu aliyekulia Pwani anajua jini anaingiaje nyumbani, anaogopa nini, na miguu yake ikoje ukiinamisha macho chini ya meza. Mtu wa nyanda za juu kusini ana elimu yake kuhusu wafu wanaorudi. Ukimwonyesha jini anayekufa kwa risasi bila maelezo, hutasikia ukimya wa heshima. Utasikia benchi likicheka mahali ulipotaka liogope. Mtoto aliyesikia hadithi ya Sungura na Fisi mara nyingi hufanya vilevile jikoni kwa bibi yake: bibi akiruka wimbo, mtoto anamkatiza, "Bibi, umeruka!" Anaijua hadithi yote. Anachotaka ni kuisikia ikitendewa haki.

Majina nayo. Aang alitamkwa kwa namna nyingine, Sokka akawa Soka, jina la mhusika mwingine, Iroh, likabadilika, hata neno Avatar lenyewe. Shyamalan alieleza kwamba alitaka matamshi ya Kiasia yaliyo sahihi. Hoja hiyo ingepokelewa vizuri zaidi kama nyuso nazo zingefuata. Maana uchungu mkubwa kuliko wote ulianza Desemba 2008, wakati wahusika walipotangazwa na filamu haijapigwa hata picha moja. Dunia ya katuni ile ni ya Asia na ya watu wa Aktiki: mavazi, chakula, maandishi, majengo. Wale watoto watatu wema walipewa waigizaji wazungu. Aliyekuwa amepangiwa kuwa Zuko, mwimbaji Jesse McCartney, alipojitoa, nafasi yake ikachukuliwa na Dev Patel, na Taifa la Moto, yaani wavamizi, likajaa waigizaji wenye asili ya India na Mashariki ya Kati. Mashabiki waliandika barua, wakachora, wakakusanya saini. Filamu ikaendelea vilevile.

Hapa benchi la Iwawa lina ushahidi wa kutoa. Hofu ya watu wa fedha wa Hollywood, iliyoharibu filamu nyingi, ni kwamba watazamaji hawatamfuata steringi asiye mzungu. Mabanda yetu yamekanusha jambo hilo kwa miongo. Watu wamelipa kiingilio kumtazama Bruce Lee, Jackie Chan, Amitabh Bachchan na Mithun Chakraborty. Tamthilia ya Jumong, ya Korea, yenye vipande 81, ilimalizwa na watu waliokuwa hawajui neno moja la Kikorea, na watoto wakabatizwa jina hilo mitaani. Mtu aliyekaa kwenye baridi ya Makete akimwombea Jumong ashinde hakuuliza rangi yake wala lugha yake. Aliuliza kama ni jasiri na kama mama yake yuko salama. Ningependa sana mkurugenzi mmoja wa kampuni kubwa angekaa jioni moja tu kwenye benchi lile kabla hajasaini mikataba ya waigizaji.

Hukumu ya wahakiki ilikuwa nzito. Roger Ebert aliipa filamu nusu nyota. Mtandao wa Rotten Tomatoes, unaokusanya maoni ya wahakiki, unaonyesha asilimia 5 tu ndio walioikubali. Februari 2011 ikashinda tuzo tano za Razzie, zile za filamu mbovu, ikiwemo ya filamu mbaya kuliko zote za mwaka. Hata hivyo ilikusanya takriban dola milioni 319 duniani. Watu waliingia kwa sababu waliipenda katuni. Mapenzi yao ndiyo yaliyojaza viti. Filamu ya pili na ya tatu hazikutengenezwa kamwe.

Nirudi bandani, kwa sababu kuna mtu sijamtaja: mtafsiri.

Muvi nyingi za kigeni zilizopendwa Tanzania katika muongo ule zilikuja na sauti ya mtu juu ya picha. Aliyejulikana kuliko wote alikuwa Derek Mukandala, Lufufu. Kazi ya watu kama yeye, na ma-DJ waliofuata, ilizidi kutafsiri maneno. Walieleza adui anawaza nini, wakampa kila mhusika tabia ambayo mtu wa Tandika au wa Makambako angeitambua, wakatania, wakaonya, wakajaza pale ambapo mwandishi wa muvi alilala. Muvi iliyopooza ikipata mtafsiri mwenye roho, watu wanatoka wameridhika.

Sasa linganisha. The Last Airbender nayo imejaa sauti ya msimulizi: Katara anatueleza kilichotokea. Kaka yake Sokka na binti mfalme Yue, ambao mapenzi yao kwenye katuni yanajengwa taratibu hadi kifo cha Yue kinamliza mtazamaji, wanaunganishwa kwa sentensi moja ya msimulizi huyo. Tunaambiwa wamezoeana, basi. Lufufu alisimulia juu ya picha zilizokuwepo, akaziongezea damu. Filamu hii ilisimulia badala ya picha. Mtu wa banda, aliyelelewa na masimulizi na anayeyapenda, ndiye wa kwanza kugundua yanapotumika kuficha pengo.

Mwaka huohuo wa 2010, Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alikuwa akitoa Who Killed Captain Alex?, muvi ya kivita ambayo gharama yake hutajwa kuwa chini ya dola 200. Bunduki za kuchonga, helikopta za kompyuta iliyochoka, damu ya rangi. Kwa kuwa kompyuta yake haikuwa na nafasi, Nabwana alifuta nakala ya awali ili atengeneze kazi nyingine, na iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, anayeshangilia, anayewatania waigizaji na kumwahidi mtazamaji mambo makubwa zaidi mbele. Dunia nzima imeipenda. Kila dosari ya picha inaonekana, na hakuna anayesema amepigwa, kwa sababu muvi ile ilitoa zaidi ya ilichoahidi. Milioni 150 dhidi ya mia mbili: sioni namna ya kuuelezea ushindi huo isipokuwa kwa kusema kwamba watu wa Wakaliga walitengeneza muvi kwa ajili ya majirani zao, wakijua majirani hao wanapenda nini.

Kosa la The Last Airbender Hollywood imelifanya kwa majina mengine pia, kabla yake na baada yake. Eragon mwaka 2006. The Golden Compass mwaka 2007, iliyopata tuzo ya Oscar ya athari za picha lakini mwisho wa kitabu ukakatwa. Dragonball Evolution mwaka 2009, ambayo mwandishi wake, Ben Ramsey, aliwaomba radhi mashabiki mwaka 2016 na kukiri kwamba aliifuata kwa ajili ya malipo makubwa, wala hakuwa shabiki. Namheshimu kwa kukiri. Na tamthilia ya Game of Thrones ilipomalizika Mei 2019, zaidi ya watu milioni moja na nusu walitia saini wakitaka msimu wa mwisho uandikwe upya.

Hasira hizi zina upande mbaya, na sitaupamba. Noah Ringer, aliyeigiza Aang, alikuwa mtoto mwenye mkanda mweusi wa taekwondo ambaye hakuwahi kuigiza filamu kabla ya hapo. Maneno aliyorushiwa na watu wazima yalikuwa ya kikatili. Mtoto hakuandika mazungumzo yale, hakuchagua waigizaji, hakukata wapiganaji wa Kyoshi. Benchi la banda lina adabu fulani katika hili: linamlaani aliyetengeneza muvi na aliyeleta diski, na mara chache sana linamshika mtoto aliyepo kwenye picha. Mashabiki wa mahali popote wangefanya vizuri kuiga adabu hiyo.

Mwaka 2020 DiMartino na Konietzko, waliokuwa wameitwa na Netflix kuirudisha hadithi yao kwa waigizaji wa kweli, walitangaza kwamba wamejitoa kwa kutokubaliana kuhusu mwelekeo wa kazi. Tamthilia ikatoka bila wao Februari 2024, safari hii ikiwa na waigizaji wenye asili ya Asia na ya wenyeji wa Marekani. Nyuso zilirudi mahali pake. Maoni yaligawanyika, na lalamiko moja lilikuwa la zamani: wahusika wanaeleza mno, wanatenda kidogo.

Kwetu kazi hii ya kugeuza hadithi kuwa filamu bado mbichi. Kusadikika ya Shaaban Robert, nchi inayoelea angani, inasubiri mwongozaji. Zinasubiri pia hadithi za Wakinga ambazo hazijaandikwa, zinazojulikana na wazee wa Bulongwa, Tandala na Matamba. Siku moja kijana wa Makete atashika kamera na kuzifuata. Ninamwomba hivi: kabla hujatumia shilingi ya kwanza, mpe muswada wako mtu anayeipenda hadithi ile kuliko unavyoipenda wewe, keti naye, na akikwambia "umeruka", rudi ukaandike upya.